Maoni ya Watu wa Mlimani Kuhusu Matumbawe

Siku waliyoniaga kazini, bosi alisimama na kipaza sauti akaniuliza mbele ya watu wote kama nina maoni yoyote kuhusu chakula cha hafla. Wakati huo pilau ilikuwa imeshapakuliwa na sahani yangu iko mezani, imefunikwa kwa kitambaa. Nilisema chakula ni kizuri. Watu wakapiga makofi. Nilikaa nikacheka peke yangu, maana kwa miaka thelathini na ushee hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yangu: kupanda milima ya Uluguru kuwauliza watu maoni yao kuhusu chakula kilichokwisha kupakuliwa.

Mnaobaki pale ofisini mmeniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Vyeo sitavitaja, vimeandikwa milangoni na kila mtu anajua kusoma. Nitasema habari za watu, na za fomu moja.

Nilizaliwa Mikese, kando ya barabara kuu, mahali ambapo magari husimama dakika tano na watu huuziana vitu bila kujuana majina. Nilikua nikidhani kuongea na watu ni kuwauzia. Chuoni nikasomea maendeleo ya jamii, nikafundishwa kwamba kuongea na watu ni kuwaelimisha. Kisha nikaajiriwa Morogoro mjini, kwenye mradi wa kuhifadhi msitu wa mlimani, nikakabidhiwa kwa Bwana Fabiani, ambaye hakuwa akiongea kabisa.

Bwana Fabiani alikuwa bwana misitu wa siku nyingi, mzaliwa wa Matombo, mrefu na mwembamba, mwenye kofia ya sufu aliyoivaa hata jua la saa sita. Alikuwa amebakiza miaka minne kustaafu, na nadhani alinipokea kama mtu anavyopokea mvua: hakuiomba, lakini ataoga nayo.

Siku ya kwanza nilikwenda na viatu vyenye kisigino, kwa kuwa niliambiwa tunakwenda kwenye mkutano, na mimi mikutano niliyoijua ilikuwa na sakafu. Bwana Fabiani alivitazama vile viatu, akanipa fimbo, tukaanza kupanda. Baada ya saa mbili kwenye udongo mwekundu uliolowa, kisigino kimoja kilibaki njiani. Alirudi nyuma, akakiokota na kunikabidhi.

"Tunza," akasema. "Mali ya mjini haitupwi msituni."

Hayo yalikuwa maneno yake ya kwanza kwangu tangu asubuhi, ukiacha salamu.

Mkutano ulifanyika kwenye darasa la shule. Nilibandika karatasi kubwa ukutani, nikaeleza mpango wa hifadhi kwa kalamu za rangi tatu, nikauliza kama kuna mwenye maoni. Kimya. Nikauliza kama wanaukubali mpango. Mikono yote ikanyooka, hata ya akina mama waliobeba watoto. Nikaandika kwenye daftari: wananchi wameafiki kwa kauli moja. Nilijiona nina kipaji.

Tuliposhuka hatua kama mia mbili, Bwana Fabiani akauliza, "Umeandika nini?"

"Kwamba wamekubali."

"Wamekubali nini?"

"Mpango."

Akatazama wingu lililokuwa likishuka kutoka kileleni. "Wamekubali uondoke kabla ya mvua," akasema. Kisha akageuka, akaanza kupanda tena kurudi kijijini, nami nyuma yake, kiatu kimoja kirefu na kimoja kifupi.

Tulikwenda kwenye banda ambamo wanawake watano walikuwa wakikwangua magome ya mdalasini. Bwana Fabiani akaketi kwenye gogo, akachukua kisu, akaanza kukwangua pamoja nao. Hakuuliza habari za hifadhi. Aliuliza kama magome mwaka huu yanabanduka vizuri. Nusu saa nzima ilikuwa ni magome tu. Kisha chai ya rangi ikaja, na kwenye kikombe cha pili mama mmoja akasema, bila kuinua macho, kwamba magome yanabanduka lakini chemchemi yao imewekwa ndani ya mpaka na sasa kuchota maji ni kosa. Mwingine akasema walinzi walimnyang'anya panga akiwa shambani kwake mwenyewe. Wa tatu akasema yeye mkutanoni alinyoosha mkono kwa sababu mwenyekiti alikuwa anamtazama. Walikuwa watu wale wale waliokubali kwa kauli moja.

Siku hiyo nilijifunza matumizi ya daftari. Bwana Fabiani alitumia daftari gumu, la kushonwa. Ukurasa wa kushoto aliandika yaliyosemwa mkutanoni. Ukurasa wa kulia aliandika yaliyosemwa baada ya mkutano. Ofisini tulipeleka ukurasa wa kushoto, kwa sababu ndio uliokuwa na mihuri na sahihi za mahudhurio. "Na wa kulia?" nilimuuliza. "Wa kulia ni wa kujua unachokifanya," akasema.

Vifaa vingine vilikuja na kupita. Tuliletewa vinasa sauti, tukarekodi mkutano mzima wa saa tatu, na tuliposikiliza tukakuta ni mvua ikipiga bati mwanzo hadi mwisho. Iliandikwa ripoti hivyo hivyo. Tuliletewa dodoso zenye swali la "mkuu wa kaya, mwanaume", na Waluguru, ambao kwao ardhi hupita upande wa mama, wakatuelekeza kwa adabu kwa waume waliokuwa wamekaribishwa tu kwenye mashamba hayo. Waume walijibu vizuri sana. Hawakuwa na shamba hata moja. Kifaa pekee ambacho hakijawahi kunisaliti ni buti za mpira, na hizo nilijinunulia mwenyewe.

Bwana Fabiani akastaafu, akaenda kulima mboga Kingolwira. Mimi nikabaki na tabia ya daftari, na vijiji vyake vikawa vyangu. Kati ya hivyo vijiji nitakisema kimoja, nitakachokiita Lusekwa.

Lusekwa imening'inia kwenye bega la mlima, upande ambao barabara haijafika na wala haijaahidiwa. Zahanati yenye mkunga iko upande wa pili wa mlima. Ukipita njia ya miguu inayokatiza msitu wa hifadhi ni mwendo wa saa mbili. Ukizungukia chini barabarani ni kutwa, na wakati wa masika hata kutwa haitoshi.

Mtu niliyekuwa nikimwendea pale ni Bibi Tatu. Kaka yake alikuwa mndewa, yaani mkuu wa ukoo wao. Kwa utaratibu wao huyo kaka ndiye aliyevaa koti na kukaa mbele kwenye mikutano, na Bibi Tatu ndiye aliyekuwa na mashamba. Alikuwa mfupi, mwenye sauti ya kukwaruza, asiyependa kusifiwa wala kushauriwa. Mara ya kwanza nilipomwamkia, "Shikamoo, Bibi," aliitika marahaba, akaniuliza kama nimekuja kuchukua kitu au kuleta. Nikasema nimekuja kuuliza. Akasema, "Basi ni kuchukua."

Lakini alinipa. Ndiye aliyenieleza habari za njia. Binti yake Mwajuma aliumwa uchungu siku mbili, wanaume wanne wakambeba kwa machela kuvuka msitu, akafika, akajifungua salama. Mwaka uliofuata jirani yao naye akashikwa na uchungu. Wiki hiyo walinzi walikuwa wameifunga njia kwa sababu kulikuwa na wageni waliokuja kutazama ndege. Wakamzungushia barabarani. Hakufika. Bibi Tatu alinisimulia hayo akichambua iliki, na alipomaliza aliendelea kuchambua, nami nikaandika ukurasa wa kulia.

Siku hiyo hiyo, pengine kwa kuwa alishafungua mdomo, aliniambia jambo la pili. Juu ya jiwe la mpaka, ndani ya hifadhi, alikuwa na mistari mitatu ya mdalasini.

"Hilo usiandike," akasema.

"Nimeshaandika, Bibi. Lakini ukurasa huu hauendi ofisini."

Alinitazama kwa muda. "Haya," akasema. "Mwanangu wewe ni mtu wa serikali, ila una sura ya kusahau."

Nilimwahidi, na kwa miaka mingi nikatimiza. Haikuwa kazi ngumu. Hakuna aliyewahi kuniuliza.

Kisha ukaja mpango mpya wa usimamizi. Mradi uliamua kwamba njia zote zinazokatiza msitu zifungwe isipokuwa za watalii, na rasimu ya ramani ikachorwa, njia ya Lusekwa ikiwa na alama nyekundu ya mkato. Kabla ya kupitishwa, ilitakiwa kukusanya maoni ya wananchi. Tulipewa vishikwambi vipya, na ndani yake fomu ya maoni iliyotengenezwa na mshauri mwelekezi wa Dar es Salaam.

Niliifungua mezani kwangu. Swali la kwanza: "Je, kaya yako inatumia nyavu zenye matundu ya ukubwa gani?" La pili liliuliza hali ya matumbawe. La tatu, kama kasa wanaotaga wameongezeka au wamepungua. Nikashuka chini mpaka mwisho: mikoko, nanga, uvuvi wa baruti. Fomu ilikuwa imetungwa kwa ajili ya hifadhi ya pwani, na mtu alibadilisha jina la juu akatuletea sisi.

Nilikwenda kwa bosi, wakati huo si huyu wa pilau, mwingine.

"Bosi, hii fomu ni ya baharini."

"Imejaribiwa pwani ikafanya vizuri sana," akasema.

"Huku hakuna bahari."

"Basi mna bahati. Mtamaliza mapema."

Nikampigia simu mshauri mwenyewe. Watu walimwita Dokta. Alikuwa na sauti ya upole kabisa. "Dada yangu," akasema, "fomu imeshapitishwa, siwezi kuigusa. Wewe chukulia bahari ni msitu."

"Na nyavu?"

"Nyavu chukulia ni mitego."

"Na nanga?"

"Nanga iruke," akasema.

Kishikwambi hakikukubali kuruka. Usipojibu swali hata moja hakitumi fomu.

Nilipanda Lusekwa. Mkutano ulijaa, kwa sababu habari ya alama nyekundu ilishatangulia. Mtendaji wa kijiji akafungua, nami nikaeleza kwa uso mkavu kwamba fomu ina maswali ya kigeni, wavumilie. Kisha tukaketi barazani kwa Bibi Tatu, kaya moja baada ya nyingine.

Watu wa mlimani wana adabu kubwa. Hakuna aliyenicheka. Nilipouliza habari za nyavu, baba mmoja alifikiri akasema wanao mmoja, wa bluu, wa kuzuia mbu, na matundu yake sasa ni makubwa. Nilipouliza hali ya matumbawe, wengi walijibu "wastani", wakidhani ndilo jibu linaloudhi watu wachache zaidi. Mama mmoja alisema yeye hajawahi kuyalima ila shemeji yake huenda anayo. Kuhusu uvuvi wa baruti kijiji kizima kilipinga vikali, na wengine walitaka kujua ni nani anayeufanya ili wamshike. Nilibonyeza majibu yote. Sijawahi kukusanya maoni kwa uaminifu mkubwa kiasi kile juu ya kitu ambacho hakipo.

Ilipofika zamu ya Bibi Tatu alijibu maswali kumi bila kulalamika. Kisha akaweka mkono juu ya kishikwambi.

"Mwanangu, tumekujibu habari za bahari tangu asubuhi. Njia yetu umeiweka wapi?"

"Bado sijaifikia, Bibi."

"Ipo humo?"

Niliona aibu. Nikaanza kushuka kwenye fomu, swali hadi swali, nikitafuta mahali. Karibu na mwisho nikakuta hili, ambalo tangu asubuhi nilikuwa nalisoma kama la baharini na watu wakijibu hakuna: "Je, kuna njia ambazo vyombo hupita ndani ya hifadhi? Taja aina ya vyombo na umuhimu wake kwa kaya." Aliyelitunga alikuwa na maana ya ngalawa na boti. Lakini neno lilikuwa limekaa pale peke yake, vyombo tu.

Nikalisoma kwa sauti.

"Vyombo?" akasema Bibi Tatu. "Tunapita na ndoo. Tunapita na masufuria tukienda kwenye arusi upande wa pili."

"Na machela," akasema binti yake, Mwajuma, kutoka mlangoni.

"Machela ni chombo?" nikauliza.

"Kinabeba mtu hakibebi?" akasema Bibi Tatu. "Mimi najua ni chombo. Wewe andika."

Nikaandika. Kaya zote za Lusekwa zilijibu swali lile, na waliokwisha kujibu mapema walirudi wakapanga foleni upya. Ndoo, masufuria, machela, kitanda cha kamba kilichofungwa mianzi, jeneza. Umuhimu kwa kaya: mkubwa, mkubwa, mkubwa. Mwenyekiti wa kijiji alitaka kuandika sufuria kubwa la mali ya kijiji kama chombo tofauti, nikamkubalia.

Wakati wa kushuka raha iliniisha. Nilijua nimewasaidia watu kulipenyeza jambo lao kwenye kisanduku cha ngalawa, na sikuwa na hakika kama huo ni ukusanyaji wa maoni au ni ujanja. Kesho yake nilipanda gari la Kingolwira kwenda kwa Bwana Fabiani. Nilimkuta akimwagilia mchicha, kofia yake ya sufu kichwani. Nikamweleza yote.

"Walichosema ndicho ulichoandika?" akauliza.

"Ndiyo."

"Basi kosa la kisanduku si lako." Akamwagilia tuta zima kabla ya kuendelea. "Ila wakikuuliza ana kwa ana, usiseme ni ngalawa."

Miezi ikapita, ripoti ikatoka, nzuri, yenye jalada la rangi. Tuliitwa kwenye kikao cha kuipitisha, katika ukumbi mmoja mjini Morogoro. Nilitafuta ukurasa wa Lusekwa. Iliandikwa kwamba wakazi wa kijiji hicho hutegemea sana njia ya vyombo inayokatiza hifadhi, na kwamba uelewa wao kuhusu madhara ya uvuvi wa baruti ni wa kupigiwa mfano. Mshauri alipendekeza njia ya Lusekwa iachwe wazi, kwa masharti mawili: vyombo vyenye injini vipunguze mwendo, na nanga zisitupwe.

Mezani palikuwa na watu wapatao ishirini, na wote walikuwa wameshasaini karatasi ya kuthibitisha kwamba wameisoma ripoti. Dokta alikuwa akisoma mapendekezo kwa sauti yake ya upole, kijiji baada ya kijiji, na watu wakiitikia kwa kichwa. Lusekwa ikasomwa. Vichwa vikaitikia. Nikafikiri imepita.

Mwenyekiti wa kikao, mzee mmoja wa wizarani aliyekuwa kama amesinzia, akafungua macho.

"Hivi Lusekwa kuna ziwa?" akauliza.

Dokta akanitazama mimi. Bosi naye akanitazama. Nilikuwa na nafasi ya kukaa kimya. Mtu angesema kuna mto, mto upo kweli, na mambo yangeendelea. Lakini nilikuwa nimeulizwa ana kwa ana.

Nikasimama. "Hakuna ziwa, mheshimiwa. Kuna njia ya miguu. Chombo kinachozungumzwa ni machela."

Nikatoa daftari langu, nikawaomba radhi, nikawasomea ukurasa wa kulia: Mwajuma aliyefika na jirani aliyezungushwa, siku ambayo njia ilifungwa na sababu ya kufungwa. Sikuongeza kitu. Nilisoma ukurasa wote isipokuwa sentensi mbili za chini, zile za mdalasini wa Bibi Tatu, na niliporuka hizo sentensi sauti yangu ilitetemeka kidogo. Watu wakadhani nimeguswa na habari ya marehemu. Nilikuwa nimeguswa pia.

Mwenyekiti alivua miwani, akaifuta kwa muda mrefu. Nadhani alikuwa akipima mambo mawili, kifo cha yule mama na ile karatasi yenye sahihi ishirini, ya kwake ikiwa ya kwanza. Hatimaye akasema, "Njia ibaki. Neno vyombo libaki, ni Kiswahili sanifu. Habari za nanga zitolewe." Kisha akaongeza jambo ambalo mimi sikulitegemea: "Na kwa kuwa sasa tumeelewa kwamba njia yenyewe ipo, waende wakaguzi wakaipime mwanzo hadi mwisho."

Bosi hakuniongelesha wiki mbili. Dokta, kwa upande wake, alinipigia simu kunishukuru. Alisema mfano wa Lusekwa ataupeleka kwenye mkutano nje ya nchi, kama ushahidi kwamba fomu yake inafanya kazi mahali popote.

Wakaguzi walikuwa wawili, na niliwaongoza mimi. Lusekwa walitupokea kama waliokuja na arusi. Bibi Tatu akasema atatangulia yeye mwenyewe kuonyesha njia, na hakuna aliyeweza kumzuia. Tulipanda, wakipima na kuandika. Tulipopita jiwe la mpaka nilianza kuwaongelesha yule wa mbele na yule wa nyuma kwa pamoja, habari za ndege, habari za mvua, chochote. Lakini mkaguzi anayejua msitu anajua kwamba msitu haujipandi kwa mistari. Yule wa mbele alisimama.

"Huu mdalasini wa nani?"

Nilitazama buti zangu. Bibi Tatu alinitazama mimi kwanza, kwa muda mfupi tu, kisha akamgeukia yule mkaguzi.

"Wa mama yangu," akasema. "Aliupanda kabla hilo jiwe halijaja."

Inawezekana ni kweli. Mkaguzi alikuwa mtu wa haki. Alipima mara mbili, akitumaini mistari itaangukia nje. Haikuangukia. Akamweleza Bibi Tatu kwamba miti haitakatwa, ila haruhusiwi tena kuibandua, kuanzia msimu ujao. Aliliandika hilo kwa kalamu, polepole, na akamsomea. Bibi Tatu akauliza kama kipimo cha njia kimekamilika. Akaambiwa bado kipande cha mbele. "Basi twendeni," akasema, akatangulia.

Jioni ile tulipokuwa tukiaga, nilijaribu kumwambia kwamba si mimi niliyesema.

"Najua si wewe," akasema. "Wewe ulisema habari ya njia tu. Wao wakaja kuitazama." Akaingia ndani. Nilibaki barazani na vikombe vya chai. Nilikuwa nimefanya jambo sahihi kuliko yote niliyowahi kuyafanya katika kazi hii, na nilitamani sana kuomba msamaha, sikujua kwa neno lipi.

Njia ipo mpaka leo. Mradi uliweka kibao mwanzoni mwake, NJIA YA VYOMBO, kwa herufi nyeupe. Wageni wanaokuja kutazama ndege hupiga picha pale wakijaribu kuelewa. Akina mama wa Lusekwa hupita na ndoo zao bila kukitazama. Mwaka juzi Mwajuma mwenyewe alikuwa mmoja wa walioongozana na machela, safari hii kumsindikiza binti yake, na walifika kabla ya saa nne asubuhi. Mdalasini nao umekua mnene, haubanduliwi na mtu. Wataalamu wameuingiza kwenye orodha ya mimea ya kuvutia.

Wiki chache kabla ya kustaafu nilitumwa Lusekwa mara ya mwisho, na fomu mpya. Safari hii ilihusu ushirikishwaji wenyewe: je, wananchi wanaridhika na namna wanavyoombwa maoni? Ilikuwa na maswali machache na haikutaja samaki, nikaona tumepiga hatua.

Bibi Tatu alikuwa amezeeka, macho hayaoni vizuri, lakini sauti ilikuwa ile ile. Nilimwamkia, akaniuliza nimekuja kuchukua au kuleta. Nikamwambia ni kuaga, na maswali kidogo. Akaagiza chai. Tukaongea habari za wajukuu, habari za magoti yake na yangu. Kisha nikafungua kishikwambi, nikamsomea swali la kwanza: ana maoni gani kuhusu usimamizi wa hifadhi?

"Andika sina," akasema.

"Hata kidogo, Bibi?"

Alipuliza chai yake. Hakuwa na hasira usoni, nilimtazama vizuri.

"Mwanangu, mara ya mwisho nilitoa maoni. Mkanisikia."

Niliandika hivyo hivyo, neno kwa neno. Nimeambiwa kwamba ofisini jibu lake limewekwa kwenye fungu la walioridhika.